Maji ya majani ya mstafeli kwa siku 90, au hospitali? Jibu kwa binti wa Lamu

"Assalam aleikum. Mamangu ana miaka 52, tuko Lamu mjini, Langoni. Mwezi uliopita alikutwa na uvimbe wa sentimita 3 kwenye titi la kushoto. Alichomwa sindano Mombasa, majibu yakaja: saratani, hatua ya 2, homoni chanya, yaani inayokuzwa na homoni za mwili. Daktari anataka aanze na upasuaji, kisha kemo, halafu tembe za miaka 5. Tarehe ya upasuaji ni wiki mbili kutoka leo. Mjomba amemleta mtu wa dawa anayesema saratani hulishwa na sukari na nyama, na ikiguswa kwa kisu inasambaa. Ana mpango wa siku 90: maji ya majani ya mstafeli mara tatu kwa siku, unga wa mlonge, habasoda, asali vijiko vikubwa sita, na ndimu na magadi kila asubuhi. Wali, samaki, mayai, maziwa na sukari, marufuku. Bei yake shilingi 38,000. Mjomba anamjua mzee mmoja wa Malindi aliyepona kwa dawa hiyo, mwaka wa tano huu anatembea. Mama anaogopa kemo. Anataka ajaribu chakula kwanza, kikishindikana ndipo arudi hospitali. Je, kuna ubaya kujaribu miezi mitatu tu?"

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na lililonishika si stafeli wala magadi. Ni neno "kwanza". Mama hajaikataa hospitali, anaomba aazimwe miezi mitatu tu. Basi nilijibu hilo kabla ya mengine: miezi hiyo haipo ya kuazima. Hakuna chakula kinachouondoa uvimbe wa aina hii, na uvimbe wenyewe haungoji. Yanayofuata ni kukueleza kwa nini, na yepi katika mpango ule yanaweza kubaki mezani bila kumdhuru mama.

Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Malindi, si daktari wa saratani. Kazi yangu ni kuwalisha watu walio kwenye matibabu, na wengi hufika kwangu na chupa mkobani ambayo daktari hajaonyeshwa. Zamani nilikuwa nawakemea. Kuna mama mmoja nilimtolea maneno makali juu ya chupa yake. Akanyamaza, akairudisha mkobani, akaenda zake. Nilimwona tena baada ya miezi saba. Alivaa dera mbili, moja juu ya nyingine, na kifuani alijaza vitambaa kuzuia usaha. Kilo 11 zilikuwa zimemtoka. Tangu siku hiyo simkemei mtu. Naomba niione chupa, tuisome pamoja. Kwa hiyo mwambie mama sitamgombeza.

Tuanze na hatua ya 2. Maana yake uvimbe ungali titini, au umefika tezi za kwapani tu. Haujaonekana kwenye mapafu, ini wala mifupa. Hapo ndipo madaktari hutibu kwa nia ya kuponya. Ukishafika mifupani, matibabu yapo na humpa mtu miaka, lakini lengo hubadilika: ni kuuzuia, si kuumaliza. Mama yuko upande mzuri wa mstari huo, na hakuna mtu, si mimi wala daktari wake, anayeweza kukwambia atauvuka siku gani. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti zilizohusu wagonjwa zaidi ya milioni moja. Kila wiki 4 za kuchelewesha upasuaji ziliambatana na hatari ya kifo kupanda kwa asilimia 6 hadi 8. Siku 90 ni wiki 13 hivi. Ongeza muda wa kusubiri tarehe mpya Mombasa, maana ya sasa atapewa mgonjwa mwingine.

Hili la kisu nimelisikia tangu utotoni, na nadhani najua lilikotoka. Mgonjwa hukaa na uvimbe mwaka, miwili. Akipelekwa kupasuliwa tayari umeshatambaa ndani, anafariki baada ya wiki chache, na mtaa mzima unakumbuka kwamba alikuwa anatembea mpaka alipoguswa na kisu. Kilichomuua kilikuwepo kabla ya kisu. Upasuaji wa titi uliofanywa mapema ndio sababu kuu ya wanawake wengi kupona, na sindano ya kuchukua kinyama cha kupima haiamshi saratani iliyolala.

Sasa yule mzee wa Malindi. Simjui, lakini wa mfano wake nawajua. Muulizeni mambo mawili kwa adabu: saratani yake ilikuwa ya wapi, na alifanyiwa nini kabla ya dawa. Mara nyingi utasikia ilikuwa ya tezi dume, ambayo kwa wazee wengi hutambaa polepole hata mtu akaishi nayo miaka kumi bila tiba yoyote. Au utasikia alipasuliwa kwanza, kisha akanywa dawa, na sifa zikaenda kwa dawa.

Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilitoa utafiti mwaka 2018 unaogusa hapo hapo. Waliwafuatilia wagonjwa 281 waliochagua tiba mbadala peke yake, saratani zao zikiwa hazijasambaa, wakawalinganisha na 560 waliotibiwa hospitali. Kwa ujumla, hatari ya kufa kwa wale wa tiba mbadala ilikuwa mara 2.5. Kwa saratani ya tezi dume tofauti haikuonekana katika miaka ile waliyofuatiliwa. Kwa saratani ya titi ilikuwa zaidi ya mara 5. Basi inawezekana mzee anasema kweli tupu, na bado ukweli wake usimfae mama.

Na utafiti huo si wa chakula peke yake, ulichanganya tiba za kila namna. Uliopima chakula ana kwa ana na kemo upo pia, ulichapishwa 2010 nchini Marekani, kwa saratani ya kongosho, ambayo ni kali mno. Wagonjwa walichagua wenyewe. Waliofuata mpango wa chakula maalumu, vimeng'enya na enema za kahawa (kahawa inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa) waliishi wastani wa miezi 4 na kidogo; waliochagua kemo, miezi 14. Kongosho si titi, nakubali. Lakini ukimsikia mtu akisema hospitali wanaogopa kuupima mlo, ujue ulishapimwa.

Mambo haya hayakuzaliwa Lamu. Mpango wa juisi kila saa ulianzishwa na daktari Mjerumani, Max Gerson, karne iliyopita, na wafuasi wake walipata madhara, wengine vifo, kwa sababu chumvi za mwili zilivurugika. Dawa ya kokwa za aprikoti iliyobatizwa jina la "vitamini B17" ilijaribiwa kwa wagonjwa 178 Marekani, majibu yakatoka 1982: haikusaidia, na baadhi yao walionyesha dalili za sumu ya sianidi. Na sisi Afrika Mashariki tunakumbuka 2011, foleni za magari kwenda Samunge, Tanzania, kwa Babu wa Loliondo, mchungaji aliyegawa dawa kwa kikombe. Kikombe kilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Angalau kile kilikuwa cha bei nafuu.

Tuje kwenye sukari, maana hapa mtu wa dawa ameshika ncha ya jambo la kweli. Seli za saratani hula sukari kwa pupa kuliko seli nyingi za kawaida. Mwanasayansi Otto Warburg aliliona hilo miaka ya 1920, na kuna kipimo cha hospitali, PET, kinachotumia sukari yenye mionzi kidogo kuonyesha uvimbe ulipo. Lakini kutoka hapo kusema "ukiacha sukari uvimbe utakufa njaa" kuna shimo kubwa. Ubongo wa mama na chembe zake nyekundu za damu vyote vinaitegemea damu yenye sukari, na mwili hauwezi kuiruhusu ishuke ikaisha. Asipokula wanga, ini lake litatengeneza sukari lenyewe, na sehemu ya malighafi litaitoa kwenye misuli yake. Uvimbe utapata chakula. Atakayekonda ni mama.

Halafu angalia vijiko sita vya asali. Kijiko kikubwa kimoja kina gramu 17 hivi za sukari. Sita ni gramu 100, sawa na chupa tatu ndogo za soda. Mtu huyu amemkataza mama sukari, kisha akamuuzia sukari. Sisemi asali ni mbaya, nyumbani kwangu haikosekani. Nasema aliyeupanga mpango huu hakupiga hesabu, na mtu asiyepiga hesabu ya asali sitamwachia ya uvimbe.

Kupunguza soda, halua na chai yenye vijiko vinne kuna faida zake, hasa kama mama ana uzito mkubwa au kisukari. Hapo sina ubishi.

Kinachonitisha zaidi katika mpango huo si kilichomo, ni kilichotolewa. Hukuniambia uzito wa mama, tuseme kilo 65. Mgonjwa wa saratani kwenye matibabu anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo, yaani kama 78 hadi 98 kwa siku. Yai moja lina 6. Kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja kina 20 na zaidi. Glasi ya maziwa ina 8. Majani ya mstafeli yaliyochemshwa, ndimu na asali hayana chochote cha maana, na unga wa mlonge vijiko viwili au vitatu hauwezi kuziba pengo hilo. Kwa siku 90 mama atakuwa anakula misuli yake mwenyewe. Akirudi hospitali "kikishindikana", atarudi dhaifu, kidonda cha upasuaji kitapona kwa shida, na kemo anayoiogopa leo itamtesa zaidi kuliko ingemtesa sasa.

Majani ya mstafeli yana hadithi ndefu. Ni kweli kwamba maji yake huua seli za saratani kwenye sahani za maabara. Vitu vingi huua seli kwenye sahani, hata sabuni. Swali ni kama dawa itafika kwenye uvimbe ndani ya mtu, kwa kiasi cha kutosha, bila kumuua mtu mwenyewe, na kwa mstafeli hakuna majaribio ya wagonjwa yaliyoonyesha kwamba inaponya. Upande wa pili, majani na mbegu zake vina kemikali iitwayo anonasini ambayo hudhuru seli za neva. Kisiwani Guadeloupe, huko Karibiani, madaktari waliandika tangu 1999 juu ya ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson, ukiwapata watu waliozoea kunywa chai ya majani hayo na kula tunda kwa wingi. Mama akipata stafeli sokoni akala kipande, ale kwa raha zake. Majani yaliyochemshwa mara tatu kila siku, hapana.

Nisieleweke kwamba nadharau mimea. Lile ua dogo la rangi ya waridi linaloota lenyewe mchangani, hata makaburini, asili yake Madagaska, ndilo lililotoa vinkristini na vinblastini, dawa za kemo zinazotumika mpaka leo. Paklitakseli, ambayo huenda mama akapewa, ilitoka kwenye ganda la mti wa pwani ya Pasifiki, Marekani. Tofauti ni kwamba kemikali moja ilitolewa, ikapimwa kwa miligramu, ikajaribiwa kwa maelfu ya watu, na madhara yake yakaandikwa kwenye karatasi ndani ya boksi. Anayelichemsha ua lenyewe nyumbani anakunywa sumu asiyojua kiasi chake.

Ndimu na magadi: wanasema damu yenye asidi huzaa saratani. Damu ya mama iko kati ya pH (kipimo cha asidi) 7.35 na 7.45, na mapafu na figo huilinda usiku na mchana. Magadi hayaisogezi mpaka ayanywe mengi kiasi cha kuugua. Yakizidi, potasiamu hushuka, moyo hudunda ovyo, na presha hupanda kwa chumvi iliyomo. Asidi iliyo kandokando ya uvimbe hutolewa na uvimbe wenyewe. Kama mama ana presha, magadi yasimkaribie. Ndimu kwenye samaki haina neno.

Habasoda ina heshima yake katika dini yetu, na nikiikuta kwenye mkate naifurahia. Ya jikoni, kama mlivyozoea, iendelee. Mafuta na vidonge vya habasoda, kitunguu saumu, tangawizi au manjano ni jambo jingine. Vingine huongeza kuvuja damu, kwa hiyo viachwe mara moja wakati huu upasuaji ukikaribia, na daktari wa usingizi aambiwe kama alikuwa akivitumia. Manjano pia: tembe ya miaka 5 ikiwa ni tamoksifeni, vidonge vya manjano vyenye pilipili manga vimeonekana kushusha kiwango cha dawa kwenye damu. Bizari ya mchuzi haina tatizo. Mlonge nao uingie sufuriani kama mboga, na tui juu yake.

Sasa niwe mkweli kuhusu kemo, maana hofu ya mama si ya kijinga. Nywele zitatoka. Kutapika kupo, ingawa dawa za kuzuia kutapika siku hizi ni nzuri kuliko zile za miaka ambayo shangazi zetu walitibiwa. Chembe nyeupe hushuka, na homa ndogo inaweza kugeuka hatari. Na kuna jambo ambalo huenda mjomba hajaambiwa: si kila mwanamke mwenye saratani ya homoni chanya anahitaji kemo. Baadhi yao, hasa tezi za kwapani zikiwa safi, upasuaji na tembe huwatosha. Hilo hujulikana zaidi baada ya upasuaji, tezi zikipimwa. Kwa hiyo mama anaweza kukubali upasuaji sasa, na akiwa na majibu ya tezi mkononi amuulize daktari: "Kwangu mimi, kemo itaongeza faida kiasi gani juu ya tembe?" Ni swali la haki na daktari mzuri halichukii. Kwa mtu mwenye hofu, kukubali hatua moja ni rahisi kuliko kukubali safari nzima.

Wiki hizi mbili kazi yenu ni kumshibisha. Uji wa asubuhi uwe na maziwa yaliyochemshwa na kijiko cha siagi ya karanga. Karanga ziwe safi, zenye ukungu zitupwe, maana sumu ya ukungu ule husababisha saratani ya ini. Mahamri kwa mbaazi wa nazi, vizuri. Mchana samaki wa kupaka na wali, usimnyime wali. Jioni bokoboko, na hili nalisisitiza: ngano na nyama vilivyopondwa mpaka vikalainika, ni chakula cha mgonjwa kuliko unga wowote wa kopo ninaouona madukani. Kemo ikianza, mdomo ukamuuma na chakula kikamnukia vibaya, mpe kidogo kidogo kila saa mbili, kipoe kwanza, na bokoboko hilo hilo litakufaa. Juisi akitaka anywe, ya embe au pasheni, kwa maji yaliyochemshwa. Ya kisima yasiyochemshwa yaache kabisa. Kama ana mazoea ya tambuu, hapo ndipo pa kumkazia, kwani popoo imethibitika kuleta saratani ya mdomo. Ramadhani ikimkuta katikati ya kemo, mgonjwa ana ruhusa yake.

Nunua kipimajoto leo. Akishaanza kemo, joto likifika 38, usimpe panadoli ukangoja kupambazuke. Mpeleke hospitali ya King Fahd hapo hapo mjini usiku ule ule, useme mlangoni: "Huyu yuko kwenye kemo." Vivyo hivyo akitapika siku nzima bila kushika hata maji, akishindwa kupumua, au mgongo ukimuuma na miguu kuishiwa nguvu. Na kabla hamjavuka kwenda Mokowe kupanda basi, piteni dawati la SHA, bima ya afya ya serikali, mhakikishe usajili na michango ya mama viko sawa, muulize na idhini ya matibabu inaombwaje. Nimewaona watu wakisafiri hadi Mombasa wakarudishwa kwa karatasi moja.

Zile shilingi 38,000 ziwe za nauli na malazi. Mjomba usigombane naye. Ana hofu kama nyinyi, na ameleta alichokipata. Mpe kazi. Mwombe yeye ndiye amsindikize mama siku ya upasuaji, akae kwenye kiti mbele ya daktari, aulize lile la kisu kwa mdomo wake mwenyewe. Mtu wa dawa naye muulizeni mbele ya mjomba: uvimbe ukikua ndani ya siku 90, fedha atarudisha? Mama akishindwa kusimama, atakuja nani kumbeba?

Mama akikataa kabisa hata baada ya haya, msimfungie mlango. Mwombeni akubali kupimwa uvimbe kila baada ya wiki mbili pale hospitali, na akubali siku iliyopangwa ya kurudi, wiki chache mbele, si miezi mitatu. Mpime uzito kesho asubuhi kabla hajanywa chai, uandike kwenye kalenda ya ukutani, halafu unitumie.